Kuonja Nako ni Kula

Mpishi mkuu wa shule ya bweni alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja. Ni ule ambao mtu analala nao na kuamka nao. Kila siku aliwapikia wanafunzi mia nne, na kila sufuria aliionja mwenyewe, kwa sababu ulimi wa mtu mwingine hakuuamini hata kidogo.

Kwa mwaka mzima tumbo lilikuwa likimtesa. Maumivu yalianza baada ya kula, hasa akila vyenye mafuta. Yalishika upande wa kulia, chini ya mbavu, kisha yakapanda mgongoni hadi begani. Alitapika. Baada ya saa mbili tatu yaliisha, naye akarudi kwenye sufuria zake.

"Ni vidonda vya tumbo tu," aliwaambia watu, akanunua vidonge dukani. Moyoni alikuwa na neno jingine. Dada yake mkubwa naye aliambiwa ni vidonda, kumbe ilikuwa saratani, na ikamuua. Mpishi aliogopa kupimwa kuliko alivyoogopa maumivu.

Jumapili moja mumewe, fundi viatu asiyependa maneno mengi, alimkuta amejikunja sakafuni.

"Mama watoto, kesho hospitali."

"Na wanafunzi watakula nini?"

"Wana meno. Watatafuna chochote. Kesho hospitali."

Daktari alimbonyeza tumbo, akaandika apimwe ultrasaundi siku ya Alhamisi, siku pekee ya kipimo hicho. "Kuanzia saa mbili usiku usile kitu," alimwambia. "Maji matupu ruksa."

Alhamisi saa nne asubuhi, mpishi alikuwa amelala kitandani kwenye chumba cha vipimo. Mpimaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita wagonjwa. Alimpaka jeli ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chini ya mbavu. Akarudia. Akarudia tena.

"Mama, umekula?"

"Sijala, daktari. Tangu jana."

"Mimi ni mpimaji, si daktari. Mfuko wa nyongo umesinyaa, sioni kitu. Hukunywa hata chai?"

"Sikunywa. Nimetoka jikoni kwangu nikaja hapa moja kwa moja."

Mkono wa mpimaji ulisimama. "Jikoni ulikuwa unafanya nini?"

"Nilionja tu. Mchuzi wa maharage, uji wa maziwa. Halafu mchuzi tena, chumvi haikukolea."

"Vijiko vingapi?"

Mpishi alihesabu kimoyomoyo. Vilifika tisa.

Mpimaji alivua miwani, akafikicha macho. Hakumgombeza. "Sikiliza, mama. Ini linatengeneza nyongo, na huu mfuko unaitunza. Ukila, hasa mafuta au maziwa, mfuko unajikamua na kuimwaga utumboni. Ukifunga, unajaa, nami naona kilichomo ndani. Wewe umeonja, lakini mfuko haujui kuonja. Kwake yote ni kula. Rudi Alhamisi ijayo."

"Wiki nzima tena?" Mpishi alitaka kulia. "Basi mume wangu anasema nikinywa mafuta na ndimu patasafika."

"Usithubutu. Hayo mafuta ndiyo yanaukamua, na ndipo unapoumia. Na ukipata homa, au macho yakiwa ya manjano, au maumivu yakigoma kuisha, usingoje Alhamisi. Njoo saa hiyo hiyo."

Wiki ilikuwa ndefu. Maumivu yalimjia mara mbili, naye akajikaza. Alhamisi hakukanyaga jikoni. Wasaidizi walipika wakaonja wenyewe. Mchuzi ulizidi chumvi, na hakuna aliyekufa.

Mpimaji aligeuza kioo cha mashine ili mpishi naye aone. "Hiki cheusi, kama kibuyu kidogo, ndicho mfuko. Leo umejaa. Unaona vitu vitatu vyeupe ndani, na vivuli vyeusi nyuma yake? Sasa lala ubavu wa kushoto."

Mpishi aligeuka taratibu. Kwenye kioo, vile vyeupe vilibingirika.

"Vimesogea. Hayo ni mawe. Kinyama kilichoota ukutani hakisogei hivyo. Na ukuta wa mfuko haujanenepa, hakuna maji pembeni. Haujavimba bado. Umewahi."

"Si saratani?" mpishi aliuliza.

"Ninachokiona ni mawe, mama. Mengine atakueleza daktari."

Mpishi alilia pale pale kitandani. Hakulia kwa furaha. Alilia kwa uchovu wa mwaka mzima wa kuogopa peke yake.

Daktari alisoma ripoti, akashauri mfuko utolewe.

"Nitaishi bila huo?"

"Utaishi. Ini litaendelea na kazi yake, nyongo itatiririka yenyewe. Kwa sasa punguza mafuta."

Wiki sita baada ya upasuaji, Jumapili mchana, mumewe alimkaangia mayai mawili na viazi. Mpishi alikula polepole. Kisha akakaa, mkono chini ya mbavu, akitazama saa ya ukutani. Saa moja ikapita. Ya pili ikapita.

"Unangoja nini?" mumewe aliuliza.

"Nangoja maumivu."

Fundi viatu alikusanya sahani. "Lala, mama watoto. Yakija, nitayaambia umetoka."

Akalala, mchana kweupe, na hakuna kilichomwamsha.