Binti Aliyerudishwa Kwao

Rafiki yangu mmoja ni mlezi katika kituo cha kurekebisha tabia za watoto. Jioni moja alimrudisha kwao binti aliyemaliza muda wake. Zamu ilikuwa imemchosha hoi bin taaban, na mtaa mzima umeme ulikuwa umekatika. Akapiga hodi, amemshika binti mkono.

Mama mtu akafungua. "Mbona umerudi, dada? Umesahau kitu?"

"Nimemleta mwanao."

"Si ulimleta asubuhi? Yuko ndani, amelala."

Mlezi alidhani uchovu umemchanganya masikio. Mkono wa binti ukakaza ndani ya wake. Kisha kutoka chumbani, gizani, ikaja sauti ile ile iliyomwamkia kituoni kila alfajiri:

"Mama mlezi, umekuja na nani?"