Pumzi ya Bi Rukija

Enyi waumini wenzangu, nipeni masikio yenu. Asubuhi ile theluji ilikuwa imetulia juu ya mapaa ya mtaa wetu, na moshi wa kuni ukipanda wima bila upepo. Nilikuwa nakwenda kumsomea Yasini Bi Rukija, mjane aliyekuwa katika sakarati ya mauti. Mwanawe, Ragib, akanizuia mlangoni.

"Karibu kahawa, Shehe. Lakini Yasini, hapana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ukisoma, ataondoka."

Nikaingia. Mke wa Ragib, Sabaheta, na mwana wao Enes, kijana mwenye nguvu zake, walikuwa wameketi sambamba, wamevaa mabuti na makoti ya buluu ya kiwanda cha chuma. Ragib akaketi kando yao, naye amevaa vivyo hivyo. Wote walilitazama dirishani bomba la moshi la kiwanda, lisilotoa moshi tangu dola ya Wakomunisti ianguke na vita vitupitie. Kilichosikika ni pumzi ya bibi kitandani. Na kila ilipochelewa, wale watatu nao walizuia zao.

"Mnangoja nini?" nikauliza.

"King'ora cha zamu," akajibu Ragib. "Hatujafukuzwa sisi, Shehe. Tuliambiwa tungoje. Wakituita wakatukosa?"

"Baba hukisikia kila siku," Enes akacheka. "Mie nasikia mbwa tu."

"Nyamaza, mpumbavu we!"

Fahamuni, ndugu zangu: nyumba ile ilikula pensheni ya mjane. Watu wazima watatu, wenye afya, waliishi kwa pumzi moja ya mtu anayekufa.

Bi Rukija akafumbua macho. "Wananishika, Shehe," akanong'ona. "Nikifika mlangoni, wananivuta miguu."

Sabaheta akasimama. "Mwenye tanuri la mikate kaniita mara ngapi, Ragib? Ukasema mke wa fundi chuma hafagii unga wa watu!"

"Na kiwandani wakikuita?"

"Aniite nani? Popo?"

Akalivua koti la buluu, akatoka.

Juma lilipokwisha nilimkuta Sabaheta ubavuni mwa mkwewe, mikono ikinuka hamira. Alimtia kinywani kipande cha mkate kilicholowa maziwa.

"Mama, huu nimeutolea jasho. Kesho upo mwingine. Enes naye kapata kupakua magunia."

Bi Rukija akatafuna taratibu. "Chumvi imezidi," akasema, akitabasamu. "Basi. Shehe, soma."

Nikamtazama Ragib. Akainama, akafungua kamba za mabuti yake.

Nikasoma. Kabla sijaikamilisha sura, chumba kilinyamaza. Na safari hii hakuna aliyezuia pumzi.

Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, Ragib alisimama ghafla. "Mmesikia?"

Sisi tulisikia theluji ikidondoka matawini. Enes akamshika mkono. "Twende, Baba. Pale kwenye magunia wanataka mtu mwingine."

Ragib akaenda, akigeuka nyuma kila hatua.

FUNZO

Kufungwa kwa kiwanda kuliileta dhiki katika nyumba ile. Kilichoifanya idumu humo ni mikono mingi kukaa mapajani ikitegemea mmoja. Kazi halali, hata iwe duni machoni pa watu, haimvunjii mtu heshima. Nanyi mlio na maduka na karakana, waiteni wasio na kazi. Wala msimcheke anayekisikia king'ora, kwani alikuwa mchapakazi, na hakuna aliyemwambia kwamba zamu imekwisha.