Sikio la Nyumbani kwa Babu Pu

Kila siku baada ya shule, Lianxin alipitia kwenye nyumba ya chai iliyo kando ya mto, mjini Chengdu, China, kumsubiri babu yake. Alikaa kwenye kiti cha mianzi karibu na jiko la maji ya moto, akafungua daftari la hesabu, na mara nyingi alimaliza mbegu za alizeti kabla ya kumaliza hesabu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na wazee wote waliocheza mahjong pale, mchezo wa vigae vya mezani, walimjua kwa jina.

Babu Pu alikuwa msafisha masikio. Alipita kati ya meza akiwa na taa kipajini na mfuko wa vyombo mkononi. Alikuwa na vijiko vyembamba, unyoya laini wa bata bukini, na koleo refu la chuma lenye miguu miwili. Alipoligonga koleo lile kwa kijiti lililia tinnng, mlio mrefu usiotaka kuisha, na watu wakajua amefika. Kisha akatoa mwito wake.

"Haya, masikio! Masikio! Nyumba ya Pu haijapata kuwa na sikio chafu tangu enzi za babu wa babu!"

Watu walicheka kila mara. Zamani Lianxin alicheka nao, lakini siku hizi mwito huo ulimchoma moyo, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha.

Lilianza wakati wa baridi, baada ya mafua. Alipomwambia mama yake kwamba sikio linauma, mama, ambaye alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, alimwangalia ulimi na kutoa uamuzi palepale.

"Ni moto huo. Umezidisha pilipili, mwanangu."

Mjini kwao kila kitu kilikuwa moto wa mwilini, iwe chunusi, kidonda cha mdomo au jicho jekundu. Mama alimchemshia chai chungu ya maua na kumkataza pilipili wiki nzima. Maumivu yakapungua, na Lianxin akanyamaza. Habari ya usaha hakuitaja kabisa. Angeanzia wapi? Sikio bovu, tena nyumbani kwa Pu! Wateja wangemkimbia babu yake.

Basi akawa anaziba sikio kwa pamba na kuziachia nywele zifunike. Darasani alihamia dawati la upande wa kushoto, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Rafiki yake Duan Yi, aliyekuwa akimnong'oneza upande mbaya bila kujibiwa, alinuna.

"Siku hizi unaringa sana, wewe! Mtu anakusemesha, unamkaushia."

Lianxin alitamani kumweleza, lakini siri ilikwisha kumnasa.

Jumamosi moja asubuhi sikio lilimwasha kupita kiasi. Babu alikuwa uani akinyoosha viungo. Lianxin akafungua mfuko, akachukua unyoya, akajisafisha haraka haraka, akaufuta kwa leso na kuurudisha. Kwa haraka ile hakukumbuka hata kuupaka spiriti.

Siku hiyo hiyo aliandamana na babu hadi kwenye nyumba ya chai. Mteja wa kwanza alikwisha kuinamisha kichwa na kufumba macho kwa raha. Babu Pu alitoa unyoya, na kabla ya kuupaka spiriti akausogeza puani, kama alivyofanya siku zote. Akaushusha.

"Samahani, bwana," alisema. "Leo sifanyi kazi. Unyoya huu umeingia kwenye sikio lenye usaha." Kisha akajiuliza kwa sauti, "Jana mtu wa mwisho alikuwa nani?"

"Si Mzee Shao huyo!" alidakia mmoja wa wacheza mahjong.

Mzee Shao, dereva mstaafu wa basi, alikuwa amekaa pale pale na bakuli lake la chai. Wenzake hawakumwachia nafasi.

"Kumbe ndiyo maana ukiitwa huitiki! Unaoza, bwana!"

"Hebu sogeza kiti chako huko, usije ukatuambukiza!"

Mzee Shao alicheka kwanza. Walipozidi kumtania uso ukamshuka, akaokota kofia yake na kuanza kuinuka. Lianxin alimtazama mzee huyo, ambaye hakukosa kumwekea mbegu za alizeti mfukoni. Nyuma ya sikio la Lianxin mwenyewe palikuwa pakipiga, du, du, du, kama palivyopiga tangu juzi.

"Si Mzee Shao," alisema. "Ni mimi, Babu. Mimi ndiye niliyechukua unyoya."

Babu Pu alimsogelea, akazipandisha nywele zake taratibu. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pekundu, pa moto, na sikio lenyewe lilikuwa limesukumwa mbele. Akaichomoa pamba iliyokuwa sikioni, akaiangalia.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi."

"Na hukuniambia? Mimi, mwenye kazi ya masikio?"

"Ungepata aibu, Babu. Wewe husema kila siku kwamba nyumba ya Pu..." Hakumaliza. Akaanza kulia.

"Utamhoji njiani, Bwana Pu!" alisema Mzee Shao, akivaa kofia yake. "Mimi nakwenda kusimamisha teksi."

Hospitalini walipokelewa na Daktari Gu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Baada ya kumpima alitoa chuma chenye meno mawili, akakigonga. Tinnng!

"Daktari!" Lianxin alishtuka. "Hilo si koleo la Babu?"

"Ni ndugu yake," alisema Daktari Gu akitabasamu. Alikileta karibu na sikio la kushoto, na Lianxin akasikia kidogo sana. Kisha akagusisha mpini wake katikati ya paji la uso. "Sasa unasikia upande gani?"

Lianxin alitoa macho. "Kushoto! Kwenye lile bovu!"

"Vizuri sana. Mlio umepita kwenye mfupa. Mshipa wa kusikia uko hai, ila njia ya kuingilia sauti imeziba."

Mama alifika mbio kutoka kiwandani, bado amevaa aproni. Daktari Gu aliwaonyesha wote picha ya mfupa wa nyuma ya sikio.

"Mfupa huu una vitundu vingi ndani, kama tofu ya soya iliyogandishwa mnayotia kwenye mchuzi," alisema. "Usaha umetoka sikioni, umeingia kwenye vitundu, na sasa unakula kuta zake. Nyuma ya ukuta huu kuna ubongo. Mngechelewa zaidi, hali ingekuwa nyingine. Tutampa dawa kwa mshipa, kisha tutampasua na kuusafisha mfupa."

"Na mimi nilimpa chai ya maua," alisema mama, akajifunika uso. Lianxin alimshika mkono.

Daktari Gu alikuwa mtafiti pia. Kwa miaka sita alikuwa akikusanya picha za mfupa huo wa watoto, ili ajue kwa nini usaha wa wengine huishia mlangoni na wa wengine hupenya ndani. Kabatini mwake mlikuwa na mifupa ya plastiki iliyotengenezwa kutokana na picha hizo. Siku mbili baadaye alileta mmoja.

"Huu ni mfano wa mfupa wa Lianxin. Jana nimejizoeza kuukata upande huu na huu, ili kesho mkono wangu usipotee njia."

Babu Pu aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akavichungulia vitundu vyake kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii nimekaa mlangoni tu," alisema polepole. "Kumbe nyumba yenyewe iko hivi."

Upasuaji ulichukua saa tatu. Babu Pu alikaa kwenye benchi na mama, na Mzee Shao akaja na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeinywa. Daktari Gu alipotoka na kuwaambia kwamba usaha wote umeondolewa, Babu Pu alimwinamia tena na tena kwa shukrani. Lianxin alipozinduka, kichwa kikiwa kimefungwa bandeji, alimwona babu yake kando ya kitanda.

"Babu, wateja watakukimbia?"

"Wakimbie," alisema Babu Pu. Machozi yalimtiririka na hakujali kuyafuta. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuumwa si aibu. Ulikosea kuchukua chombo changu na kuficha ugonjwa, na karibu mzee wa watu abebe lawama yako. Lakini uliposema kweli mbele ya watu ulimwokoa yeye, na ukajiokoa mwenyewe. Na mimi nina kosa langu. Nilijisifu kwa sauti kubwa mpaka mtoto wangu akaogopa kusema anaumwa. Tangu leo, wewe ukiumwa, sema, nami nitanyamaza nikusikilize."

Duan Yi alikuja kumtembelea na daftari zake zote. Alipoambiwa habari, alihamia kiti cha upande wa kulia wa kitanda, penye sikio zima, akaanza maneno yote upya.

Miezi miwili baadaye Lianxin alirudi kwenye kiti chake cha mianzi. Daktari alikwisha kumwambia kwamba sikio halitakuwa kama zamani kabisa. Wazee walikuwa wakigombania vipande vya mahjong, naye alikuwa ameinamia hesabu. Mara, kutoka upande wa kushoto, ulimfikia mlio mwembamba. Tinnng! Aliacha kalamu. Hakugeuka, alifumba macho ausikie mpaka uishe.

Kisha ikaja sauti ya Babu Pu, na safari hii mwito ulikuwa mwingine.

"Haya, masikio! Masikio! Lenye nta, lete kwangu! Lenye usaha sigusi, nalipeleka hospitali mwenyewe!"

Wazee waliangua kicheko, Mzee Shao akiwazidi wote. Na Lianxin, ambaye safari hii alisikia kila neno, alicheka nao.