Zege Lisilokauka

Hakuna fundi anayependa kuitwa arudi kutazama kazi aliyokwisha kuimaliza. Ukiitwa, ujue umeboronga. Jioni ile nilishika njia ya machinjioni nimenuna, mwiko mkononi, nyundo na tindo ndani ya mfuko, kwa sababu msimamizi wa pale alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba zege langu halijakauka.

Siku tisa!

Zege la siku mbili unalikanyaga. La siku tisa unalipigia nyundo linakucheka. Nilijisemea kwamba yule bwana hajui kutofautisha zege na uji, na kwamba nikifika nitamwonyesha.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Machinjio yapo juu ya mteremko, na chini yake kuna bwawa. Tangu nikiwa mtoto wa shule, damu ya ng'ombe ilikuwa inashuka kwenye mfereji wa sakafuni, inapita chini ya ukuta kwenye tundu lenye upana wa ndoo, inaingia bwawani. Kila siku ya Mungu. Matete ya pale yalikuwa yanapita urefu wa paa. Kambare walinona hadi wakawa kama paja la mtu mzima, na korongo walijipanga ukingoni asubuhi kama watu wanaongoja duka lifunguliwe. Halafu wakaja wakaguzi wa afya, wakaziba pua zao, wakasema damu isiingie tena kwenye maji. Likachimbwa shimo lenye mfuniko wa chuma, gari likawa linakuja kuinyonya damu kila adhuhuri, na mimi nikaitwa kuziba tundu.

Aliyenipatia kazi hiyo ni mdogo wangu. Alikuwa mchinjaji pale kwa miaka kumi na miwili, na kwa jinsi kisu kilivyomtii mkononi, wenzake walimwita Wembe. Wazazi walituacha mapema, nikamlea mwenyewe kwa ugomvi na vicheko. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni, kwa sababu nilimwangushia tofali tulipokuwa wadogo. Kila nilipomkaripia alikuwa ananyanyua ule mguu na kunionyesha kidole. Nilikuwa nampenda sana, ingawa sikuwahi kumwambia.

Sasa niseme kosa langu. Siku ya kuziba, bomba lilikuwa halitoi maji. Fundi mwenye akili angesubiri. Mimi nilikuwa na nyumba ya mtu inanisubiri kwingine, nikachukua ndoo, nikateremka, nikachota maji ya bwawa. Yalikuwa mazito, mekundu, yana mafuta juu. Wembe aliniona nikichanganyia.

"Kaka, maji hayo?"

"Maji ni maji. Wewe chinja."

Tukacheka. Nikajaza tundu, nikalisawazisha kwa mwiko, nikaondoka zangu.

Jioni ile nilipofika karibu na bwawa, kitu cha kwanza nilichokiona ni ukimya. Korongo hawakuwepo hata mmoja. Matete yalikuwa ya njano, yameinama. Kambare waliokufa walikuwa wametapakaa ukingoni, na nilipowaangalia vizuri, nywele zilinisimama. Wote walikuwa wamekufa wameelekeza midomo upande mmoja. Juu. Kwenye ukuta wa machinjio.

Njiani kulikuwa na vyura. Wengi. Walikuwa wanapanda mteremko polepole, bila kulia.

Getini nilikutana na bibi anayeosha utumbo, beseni kichwani, anatoka. Yule bibi alikuwepo pale kabla ukuta haujajengwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi, unakwenda wapi saa hizi?"

"Kutazama zege langu. Wembe yupo?"

Akashusha beseni. Akanisogelea, akanong'ona.

"Yupo peke yake, anaosha sakafu. Mwite nje. Adhuhuri kisu kilimponyoka kikamkata mguu. Damu yake imeteremka mferejini hadi kwenye zege lako."

"Si ataipiga maji tu, bibi."

"Haikuwepo ya kupiga maji." Akameza mate. "Zege limeinywa. Nimeliona kwa macho yangu."

Nilimwambia aende akapumzike, utumbo umemchosha. Hakucheka. Alijitwika beseni lake akaondoka bila kuniaga, na yule bibi hajawahi kunipita bila kuniaga.

Ndani kulikuwa na taa moja inayofanya kazi. Kulabu tupu zilining'inia kwenye chuma cha juu. Harufu ya machinjio naijua, lakini ile ilikuwa na kitu cha ziada... harufu ya tope lililofukuliwa. Wembe alikuwa mwisho wa ukumbi, suruali imekunjwa hadi magotini, pekupeku, mpira wa maji mkononi na kitambaa kimefungwa mguu wa kushoto.

"Fundi wa uji amefika," akanitania.

"Vaa buti zako, wewe."

"Zimetoboka. Njoo uone maajabu yako."

Nilichuchumaa mwisho wa mfereji. Zege lilikuwa limekaa sawa kama nilivyoliacha, lakini liling'aa. Niliweka kiganja. Lilikuwa na joto. Nikasema moyoni, ni jua la mchana. Lakini ukuta ule haupigwi na jua.

Nilibonyeza. Likabonyea, kisha likarudi lenyewe.

Kama tumbo la mtu aliyelala.

"Kaka," Wembe akasema kwa sauti ndogo, "huwa linafanya hivyo hivyo. Mimi nimekaa nalo siku tisa."

Hapo ndipo nilipopaswa kumshika mkono tukatoka. Nakumbuka kabisa kwamba niliogopa. Lakini ubishi wa ufundi ni ugonjwa. Nilitoa tindo, nikalielekeza katikati, nikapiga nyundo mara moja tu, nijue ubichi umeingia hadi wapi.

Tindo lilizama lote. Nyundo yangu ikagonga zege lenyewe.

Chwaa...

Nilipolivuta tindo, halikuja. Upande wa pili kulikuwa na kitu kinalivuta.

Nililiachia, likamezwa. Kisha zege likafunguka taratibu, kingo zikajikunja nje, na hewa ya bwawa ikanipiga usoni. Mwanzoni ilitoka mizizi. Mizizi ya matete, myeupe, myembamba, inapapasa sakafu kama kipofu anayetafuta fimbo yake. Ilinifikia mimi kwanza. Ikanigusa kiganja, ikanigusa goti, ikaniacha. Ikafuata mfereji.

Ilikuwa inatafuta ladha inayoijua.

"Wembe, toka! Toka nje!"

Aligeuka akimbie. Maji ya mpira yakamtelezesha, akaanguka kifudifudi, na mizizi ikamfikia mguu wa kushoto kabla hajanyanyuka. Kitambaa kilichanika. Akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu, na nimesikia ng'ombe wengi pale.

Nilimshika kwapani, nikavuta. Mizizi nayo ikavuta. Tulikokotwa wote wawili hadi kwenye tundu, kiatu changu kikiandika mstari kwenye sakafu yenye maji. Mguu wake ukaingia ukutani hadi karibu na goti, na kule ndani nikasikia mlio... mlio mdogomdogo, mwingi, wa midomo.

Niliinama, nikaangalia. Kambare. Walikuwa wamebanana ndani ya lile tundu, wazima na waliokufa pamoja, wamesukwa na mizizi na tope vikawa kitu kimoja, na kila mdomo ulikuwa umeng'ang'ania nyama ya mdogo wangu.

Walikuwa wananyonya.

"Kaka, niue!" Wembe akalia. "Niue, usiache waniingize humu!"

Niliponda kwa nyundo. Nilipasua vichwa vya kambare hadi ute ukanirukia mdomoni, nilikata mizizi kwa mwiko, na kwa kila mmoja niliokata, miwili ilipita juu ya mkono wangu na kwenda kwake. Nilikimbilia shimo la damu niwapelekee ya ng'ombe, nikafungua mfuniko kwa pupa. Tupu. Gari lilikuwa limekuja adhuhuri, likasafisha shimo hadi chini. Mle ndani ya jengo lile hakukuwa na damu nyingine ila yetu sisi wawili.

Niliporudi, goti lilikuwa limeshaingia nusu. Uso wake ulikuwa mweupe. Alinitazama, kisha akatazama ukutani, palipotundikwa shoka la kupasulia mifupa.

Alikuwa mchinjaji. Alijua kabla yangu.

"Chini ya goti," akanong'ona. "Kwenye kiungo utakwama. Funga kamba kwanza, kaka... kamba ya ng'ombe. Kaza. Kaza zaidi."

Nilivuta mguu ukatoka kidogo, wa kutosha tu. Nikafunga kamba juu ya goti, nikakaza hadi akatapika. Nikachukua shoka. Mimi mikono yangu imezoea tofali, haijazoea nyama. Pigo la kwanza halikufika kwenye mfupa. La pili liligonga mfupa likaniuma mimi mabegani. Wembe alikuwa ameuma mpira wa maji na macho ameyatoa, hajafumba hata mara moja, ananionyesha kwa kidole, hapa, hapa. La tatu nilipiga huku nalia kwa sauti, namwita mama yetu.

La nne lilikata.

Mguu uliingia ukutani kwa kasi. Tundu likanyamaza. Mizizi ikarudi yote, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu aliyeshiba anavyoondoka mezani. Na zege langu, naapa, likajifunga.

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani nikipiga kelele za msaada. Hospitali nilisema alinaswa kwenye mashine. Daktari aliutazama ule mkato, akanitazama mimi, akaandika mashine.

Bibi wa utumbo alikuja siku ya tatu na chupa ya chai. Alikaa kwenye benchi la nje, karibu nami, akaongea akitazama sakafu.

"Nilipoanza kazi pale, lile lilikuwa dimbwi. Halina jani wala chura. Sisi ndio tuliolilea. Tete lilikua kwa damu, samaki wakala mizizi ya tete, korongo wakala samaki, na sisi tukawala wale samaki. Miaka yote hiyo, kila siku, chakula saa ileile." Akanimiminia chai. "Mtoto unamwachisha ziwa kidogokidogo, fundi. Nyie mlimziba mdomo."

"Na mimi nikamzibia kwa maji yake mwenyewe."

"Ndiyo maana alikujua, akakugusa akakuacha. Ulikuwa mkono wa nyumbani."

Sikuweza kuinywa ile chai. Nilipopita bwawani kesho yake, matete yalikuwa yamesimama, mabichi, na korongo walikuwa wamerudi kwenye mstari wao. Msimamizi, ambaye bibi alikuwa amemweleza yote, alinitazama, nami nikamtazama. Alichukua nyundo akabomoa zege mwenyewe, na kwa miezi miwili damu ikashuka tena kama zamani, kidogo kidogo, bibi akipunguza ndoo moja kila juma. Huenda tungefika salama.

Wakaguzi wakarudi. Safari hii hawakutaka maelezo. Walipiga kufuli getini, wakabandika karatasi, ng'ombe wakahamishiwa machinjio ya mbali. Hapo bibi alikuwa hajafika hata nusu ya hesabu yake.

Leo ni siku ya tisa tangu kufuli.

Wembe anaishi kwangu. Tangu atoke hospitali analalamika kwamba mguu usiokuwepo unasikia baridi. Daktari alisema ni kawaida, mishipa haisahau. Nilimwamini daktari, kwa sababu nilitaka sana kumwamini. Lakini tangu wapige lile kufuli, malalamiko yamebadilika. Juzi alisema mguu hauko tena kwenye maji, uko kwenye majani. Jana alisema unakanyaga kokoto, zinauchoma. Nilimkemea anyamaze. Kutoka bwawani hadi kwangu, kokoto zipo sehemu moja tu, kwenye kona ya mwisho kabla ya mlango wangu.

Leo jioni nilikuwa narekebisha kizingiti kilichomeguka. Nilitumia maji ya bomba, nimeyaona kwa macho yangu, meupe. Nilisawazisha, nikaingia ndani kunawa mikono. Sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi na taa kuangalia kazi yangu, katikati ya saruji mbichi kulikuwa na unyayo.

Mmoja tu. Wa kushoto. Vidole vimeelekea ndani.

Kidole kidogo kimempanda mwenzake mgongoni.

Nimesimama hapa mlangoni na taa mkononi, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Chumbani nimemsikia Wembe akigeuka kitandani. Ameniita kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu baada ya siku nyingi.

"Kaka... mguu sasa umepata joto."