Kicheko Chini ya Utando

Bi Skolastika Kikoti alitaka kutabasamu, na utando ukatabasamu.

Ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, wenye rangi ya ngozi yake, umelazwa kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni. Ndani yake zilipita nyuzi-misuli mia mbili. Kisoma-neva kilichopachikwa nyuma ya sikio kilipokea amri ya ubongo, nyuzi zikajikunja, na pembe za mdomo zikapanda. Wanakwaya waliokuja kumwona kwa mara ya kwanza tangu avishwe utando huo mwaka mmoja uliopita wakapiga makofi.

"Mwalimu amerudi!" alisema mmoja, akijifuta machozi.

Otilia, binti yake, ndiye mhandisi aliyeuvumbua utando huo. Alisimama karibu na dirisha, akitazama mabehewa ya reli ya angani yakipita kimya juu ya jiji la Iringa. Alishukuru kwa sauti ndogo. Hakujua kwa nini hakufurahi.

Ugonjwa ulikuwa umeua neva zinazobeba amri kwenda kwenye misuli. Ulianza na vidole, ukapanda kwenye ulimi, ukafika usoni. Mama alikuwa anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, ila akiuambia uso cheka, uso haukutii. Alizungumza kwa sauti-macho, kioo kidogo kilichofuata mboni zake na kusoma herufi alizozitazama.

Zamani uso huo ulikuwa unaongoza watu sitini. Mama alipiga kinanda cha kanisa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo kwaya aliiongoza kwa uso. Unyusi mmoja ukipanda, sauti ya kwanza ingoje. Mdomo ukivutwa upande, besi mmechelewa tena. Otilia alikaa benchi la mbele, miguu haijafika sakafuni, akiusoma uso huo kabla hajajua kusoma kitabu.

Ishara hizo hazikuwemo kwenye utando. Otilia aliufunza kwa picha na video zote za familia: harusi, kipaimara, mahafali. Lakini mbele ya kamera Mama alisimama wima na kufumba mdomo, kama watu wa rika lake walivyozoea. Video za mazoezi ya kwaya hazikuwepo. Nani angerekodi mazoezi?

Wanakwaya walipoondoka, mlango uligongwa kwa fimbo.

"Kamwene, nyie Wahehe! Mmejificha humo?"

Alikuwa Mzee Ladislaus Ngonyani, Mngoni wa Peramiho, fundi wa vinanda mstaafu. Kwa kuwa Wangoni na Wahehe ni watani, yeye na Mama walikuwa wametaniana kwa miaka arobaini. Kwa mwaka mzima hakufika, magoti yakimsumbua.

"Shikamoo, Baba," alisema Otilia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu bibi yupo hai, au nimekuja kula ubwabwa wa msiba?" Akavuta kiti, akaketi mbele ya Mama. "Skola! Nilidhani umekufa, nikaanza kutafuta wa kurithi kinanda. Unakumbuka babu zako walipowaona babu zangu? Walikimbia wakaacha ugali jikoni. Tukaula. Na ulikuwa mbichi!"

Utando ulitulia. Baadaye kidogo ukatabasamu, kwa adabu, mdomo umefumbwa.

Mzee Ngonyani alijaribu tena, akaiga Mama anavyosinzia padri akihubiri. Tabasamu lile lile. Akageuka kwa Otilia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mama."

"Mama yako hajawahi kunijibu kwa adabu hata siku moja." Akainuka. "Mtani akichukua kitu nyumbani kwa mtani wake, anashitakiwa?"

"Hashitakiwi, Baba. Lakini..."

"Basi nachukua hiki."

Akashika ukingo wa utando chini ya kidevu, akaubandua taratibu, akautia mfukoni. Otilia alipiga hatua, akasimama. Mtani hazuiliwi.

Uso wa Mama ulikuwa umelegea. Otilia hakuwa ameuona mtupu kwa miezi mingi. Roboti-muuguzi ndiye aliyekuwa akiuosha kila alfajiri, Mama akiwa usingizini.

"Mbichi, Skola," alinong'ona mzee. "Na mboga mlikimbia nayo!"

Uso ukafunguka. Mdomo ulipinda upande mmoja, pua ikakunjika, sauti ya kukwaruza ikatoka kooni. Kilikuwa kicheko kibaya, kisicho na mpangilio. Kilikuwa cha Mama.

Otilia aliketi sakafuni. Alikuwa amejifunza hili chuoni. Uso una njia mbili: moja ya amri, nyingine ya kicheko na kilio, inayotoka ndani zaidi ya ubongo. Ugonjwa ulikuwa umefunga ya kwanza, ukaiacha ya pili bila mlinzi. Ndiyo maana Mama alicheka kwenye maziko ya dada yake, akashindwa kunyamaza, ndugu wakainamisha vichwa. Usiku ule Otilia aliandika kichujio: utando ushikilie uso, ufunge mdomo hadi sauti izimike, usiruhusu lolote ambalo halikuamriwa. Alitaka kumwondolea mama yake aibu.

"Mama," alisema, "ulikuwa unacheka? Mwaka mzima huu?"

Macho yalitembea juu ya kioo, polepole.

"Kila siku," ilisema sauti-macho. "Nilidhani mnaona. Nilidhani mnaona aibu kucheka na mimi."

Otilia akaushika mkono wa mama yake, ule uliokuwa ukipiga kinanda, sasa mwepesi kama jani kavu.

"Nikikifuta kichujio, unaweza kucheka tena mahali pabaya. Hata msibani. Na nikikiacha..."

Macho hayakungoja amalize.

"Futa. Nitacheka hata kwenye msiba wa huyu Mngoni."

"Utangulie wewe!" alifoka mzee.

Mama alicheka, kisha machozi yakaja, kisha vyote viwili pamoja, na uso wake ukawa na mikunjo ambayo hakuna picha iliyowahi kuishika. Otilia hakujua kama ni kilio au kicheko. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, hakunyosha mkono kuzuia chochote.

"Baba Ngonyani," alisema, "mtukane tena."