Mmoja Katika Orodha Tupu

Saa tisa alasiri wachimbaji wote walikuwa wameshatoka mgodini, kofia zao zimetundikwa ukutani, zimehesabiwa mara mbili. Orodha ya waliobaki chini ilikuwa tupu. Lakini programu ya kuhesabu waliobaki chini, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, ilisema: mtu 1, kina mita 612.

"Hebu shuka uangalie," mtunza programu alimwambia mumewe kwa simu. Mumewe ndiye aliyeendesha lifti ya mgodi, na watu walimwita Winchi.

Winchi akashuka, akapanda. "Hakuna mtu, mama watoto. Hiyo kompyuta yako imechoka."

Mama wa watu akaamua kosa ni la kompaila, ile inayoigeuza Fortran kuwa lugha ya mashine: inapewa orodha tupu, inahesabu moja. Akawaandikia waliotengeneza kompaila. Wakamjibu kama wanavyomjibu kila mtu: futa kila kisichohitajika, utume mistari michache kabisa yenye kosa hilo hilo.

Akafuta majina. Mtu 1, mita 410. Akafuta vipimo vya kina vinavyotumwa na kofia. Mtu 1, mita 230. Jamani, vipimo havipo, namba inatoka wapi? Akachomoa waya unaoleta taarifa kutoka mgodini. Ofisi ikaanza kunuka udongo mbichi. Ikabaki mistari mitano tu, akaituma, kisha akaijaribu tena: mtu 1, mita 40.

Vinyweleo vikamsimama. Kumbe huyo mtu 1 alikuwa jini, na kila mstari aliofuta ulikuwa umelishikilia kule chini, na yeye, kwa mikono yake mwenyewe na kwa kujituma kwake kazini, alikuwa akilifungulia njia hatua kwa hatua, huku mumewe amesimama mdomoni mwa shimo, peke yake, hana habari.

Akairudisha mistari haraka. Mita 90. Mita 150. Linashuka! Akashusha pumzi.

Barua pepe ikaingia. "Asante kwa taarifa nzuri. Kosa tumeliona hata huku. Tumeipunguza zaidi programu yako, imebaki mstari mmoja."

Akapiga simu huku analia. "Baba watoto, toka hapo kwenye lifti! Kimbia!"

"Subiri kwanza," Winchi alinong'ona. "Ulisema kweli, nisamehe. Kuna mtu anagonga humo ndani, maskini. Ngoja nimfungulie."