Kokoto Zilizofutwa

Siku ya punguzo la bei, duka la viatu huwa halina adabu. Watu wenye heshima zao, waliotoka nyumbani wamenyooka, walikuwa wanakanyagana kugombea raba zilizobaki mguu mmoja. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja alikaa kwenye stuli ya kujaribia viatu, suruali imepigwa pasi mpaka inatisha, shati la zambarau, marashi yanasikika kabla mwenyewe hajaonekana. Kwenye kampuni ya kompyuta alikofanya kazi walimwita Mtanashati, na yeye, maskini, alidhani ni sifa.

Alikuwa amefungua boksi la viatu vyeusi vyenye ncha kali, mara mkono wa mwanamke ukaingia mle ndani.

"Samahani kaka, hiki unakihitaji?"

Alikuwa ameshika kipakiti kidogo cheupe, vile vya chembechembe za kufyonza unyevu ambavyo kila mnunuzi huvitupa. Alivaa gauni la kijivu la kazini, nywele amezibana kwa haraka, na mkononi ana mfuko wa plastiki uliojaa vipakiti vya namna hiyo hiyo.

"Dada, kimeandikwa usile."

"Kusoma najua. Unakihitaji au hukihitaji?"

"Na nikikihitaji?"

"Utakifanyia nini? Au kinaendana na hizo kwato zako?"

Mtanashati hakuwahi kudharauliwa viatu mbele ya watu. Mtu mwenye akili timamu angekasirika. Yeye akapenda.

"Chukua. Ila uniambie ni cha nini, na unipe namba ya simu."

"Ni cha filamu za taifa. Namba utaipata ukiniletea mfuko mzima."

Hazina ya Filamu ya Taifa lilikuwa jina kubwa la chumba kidogo chini ya jengo la ofisi. Humo, kwenye mikebe ya bati, ndimo taifa lilimotunza sura yake: mechi za mpira, madaraja yakifunguliwa, mazishi ya wakubwa, watoto wa shule wakiimba huku wanajikuna. Filamu ikipata joto na unyevu huanza kuoza, na ikioza hunuka siki. Mkebe mmoja ukinuka, wa jirani nao hauna siku nyingi. Kiyoyozi kilikuwepo. Mkurugenzi alikihamishia ofisini kwake, kwa hoja kwamba filamu hazitoki jasho na yeye anatoka. Basi mhifadhi wa filamu, msomi mzima, akawa anazunguka maduka ya viatu kuomba vipakiti. Wenzake ghorofani walimwita Siki kwa ajili ya harufu iliyoganda kwenye nguo zake. Aliwadharau wote sawasawa, bila upendeleo.

Mtanashati alileta mfuko. Inasemekana aliingia kila duka la viatu mjini na kujaribu viatu mpaka akatoka malengelenge. Namba akapewa, na simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nakuwaza tu."

"Kuwaza hakujazi tumbo. Kula, halafu unipigie."

Watu wazima wawili, wanamaliza chaji kwa maneno kama hayo. Lakini alipokwenda kumtembelea kazini, Siki alimsimamisha mlangoni.

"Marashi yako hayaingii humu. Nitajuaje mkebe unaoumwa kama pua yangu imejaa wewe?"

Kesho yake alikuja bila marashi, ananuka sabuni ya kufulia kama watu wengine. Siki alimwangalia kwa muda, akamvalisha glovu za pamba, akamfundisha kugeuza mkanda bila kuugusa katikati. Wakati huo ndipo alipoanza kumpenda kweli, ingawa ungemuuliza angekufukuza.

Sasa tuje kwa Mkurugenzi. Huyu alikuwa na tai nyekundu, tumbo la kutosha watu wawili, na neno moja alilolitoa kwenye semina ng'ambo: dijitali. Alitaka filamu zote ziingizwe kwenye kompyuta, zisafishwe zing'ae, halafu chumba cha chini kiwe sebule ya wageni mashuhuri, na makochi. Kazi ikapewa kampuni ya Mtanashati. Wapenzi wakashangilia kwamba watashinda pamoja. Mikebe ikaenda na kurudi, mashine ikanguruma, na kila mmoja akaona maisha yamemnyookea.

Karibu na sherehe ya kuzindua nakala za kompyuta, Mkurugenzi alimwita Siki juu. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza mpaka karatasi zinaruka.

"Siku ya sherehe lori litakuja kubeba ile mikebe yako."

"Inapelekwa wapi, bosi?"

"Jalalani, dada yangu. Kwani takataka hupelekwa wapi?"

"Zile ndizo filamu zenyewe! Kwenye kompyuta ni nakala tu!"

"Mtaalamu wetu amesema mbele yangu kwamba hazihitajiki tena. Yule kijana wa viatu vya ncha. Nasikia mnafahamiana." Akacheka, meno yote nje.

Siki alishuka ngazi huku anapiga simu.

"Ulimwambia hazihitajiki?"

"Mpenzi, aliniuliza kama kila kitu kimeingia kwenye diski. Nikasema ndiyo."

"Akakuuliza nini tena?"

Mtanashati akapunguza sauti.

"Nilisema... kwamba kwa kweli hazihitajiki sana. Bosi ukimpinga anakasirika. Lakini Siki, picha ni ile ile! Tena nimeisafisha, imependeza kuliko..."

"Vizuri. Picha yangu unayo kwenye simu?"

"Ninayo, mpenzi."

"Basi kaa nayo. Mwenyewe hunihitaji."

Akakata. Mtanashati alipiga, hakupokelewa. Alituma ujumbe wa mahaba, wa kulia, hata wa sauti wenye kikohozi cha kujifanya mgonjwa. Hakujibiwa hata mmoja. Alichokiona yeye ni kwamba mwanamke amemwacha kwa ajili ya mikebe ya bati, na akajionea huruma sana. Kujionea huruma ni kazi aliyoiweza vizuri.

Jumapili, siku moja kabla ya sherehe, alikwenda kwa mama yake kutafuta wa kumsifu. Mama alikuwa mfanyabiashara wa mboga aliyestaafu, mwenye miwani mizito na ulimi mwepesi. Kijana akamfungulia kompyuta kochini.

"Hii ndiyo tutakayoonyesha kesho, mama. Waziri wa enzi hizo anafungua soko jipya. Angalia ilivyo safi."

Ilikuwa safi kweli. Waziri amesimama na suti nyeupe na kofia, mkasi mkononi. Mbele yake kundi la wanawake, mikono inapanda na kushuka. Waziri anainama, anainama tena, kofia inamdondoka, anaingia garini.

"Unaona viongozi wa zamani walivyokuwa wanyenyekevu?" alisema Mtanashati. "Wananchi wanampungia, naye anawainamia mpaka kofia inaanguka. Mkurugenzi ameipenda mno."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kokoto ziko wapi?"

"Kokoto gani?"

"Wewe mtoto, unadhani tulikuwa tunampungia? Walituvunjia vibanda alfajiri, adhuhuri wakaja kukata utepe palepale. Barabara ilikuwa inatengenezwa, kokoto zimejaa. Tulimrushia mpaka akakimbia. Mimi ndiye yule mwenye kilemba. Na iliyoangusha kofia ilikuwa yangu!"

Mtanashati alirudisha filamu mwanzo, akatafuta kokoto, asione hata moja. Programu ya kusafisha hufuta vumbi, na vumbi kwa programu ni kitu chochote kidogo kinachoonekana kwenye fremu moja, yaani picha moja ya mkanda, na kutoweka kwenye inayofuata. Kokoto inayoruka ni hivyo hivyo. Yeye alibonyeza kitufe akaenda kuzungumza kwenye simu. Hakuwahi kuitazama filamu hiyo mwanzo hadi mwisho. Nakala za kabla ya kusafisha alizifuta ili kupata nafasi kwenye diski. Kokoto za akina mama zilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye mkebe unaosubiri lori.

"Kwa hiyo," alisema mama, "nimeuza mboga miaka yote ile nisomeshe mtoto aje kunifutia kokoto yangu?"

Asubuhi ya sherehe Mtanashati alikuwa mlangoni kwa Siki, kule chini, kabla ofisi za juu hazijafunguliwa. Siki alivaa gauni la kijani, zuri, alilonunua kwa ajili ya siku hiyo wakati bado anampenda bila kinyongo. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekuja kusaidia kupakia?"

"Nimekuja kuomba mkebe wa soko. Nimefanya upumbavu."

"Upi? Panga kwa tarehe."

Akamweleza. Siki alitoa mkebe, akaulaza mkanda juu ya meza ya taa, akainama na kioo cha kukuzia. Kisha akamsogezea. Humo, kwenye fremu ndogo kuliko ukucha, nukta nyeusi ilikuwa hewani juu ya kofia ya Waziri. Kwenye fremu iliyofuata haikuwepo, na kofia ilikuwa imeinama.

"Ya mama," alisema Mtanashati, akainuka.

"Tuipitishe kwenye projekta wageni waione?" aliuliza tena.

"Filamu ya pekee kwenye projekta mbovu? Hujajifunza kitu. Leta mashine yako, iiskani upya, polepole, na uzime huo usafi wako."

Walifanya kazi bega kwa bega, glovu mkononi. Mashine ilipomaliza, alijaribu kumshika mkono. Siki akauondoa.

"Usiniombe msamaha mimi, mimi sikuambiwa uongo. Kawaambie uliowadanganya."

"Nikisimama mbele ya watu niseme kazi yangu ni mbovu, nani atanipa kazi tena?"

"Basi kaa kimya. Lori lipo njiani."

Ukumbi ulijaa wageni wa aina inayokwenda popote penye vitafunio. Mgeni rasmi alichelewa ili aonekane mkubwa. Mama alikaa nyuma na gauni la maua, mkoba mapajani. Dirishani ilisikika mikebe ikitupwa lorini, na kila mlio Siki alifumba macho. Mkurugenzi akahutubia mpaka watu wakaanza kuchezea simu, kisha filamu safi ikaonyeshwa.

"Tazameni unyenyekevu!" alisema, mikono juu. "Kiongozi anawavulia kofia wananchi wake! Na sasa, bila mikwaruzo, bila uchafu..."

"Bila ukweli," sauti ikasikika kwenye meza ya kompyuta.

Mtanashati alikuwa amesimama.

"Hiyo picha ni ya uongo, na aliyeiharibu ni mimi. Niliiachia mashine isafishe, ikafuta kilichotokea. Halafu nikasema filamu zenyewe hazihitajiki. Zinahitajika. Bila ule mkebe, mngebaki na uongo wangu milele. Hii hapa ndiyo ya kweli."

Mkurugenzi alipiga kelele umeme uzimwe, lakini aliyejua swichi ilipo alikuwa Siki, na Siki hakusogea. Kwenye ukuta kokoto zikaruka. Wanawake walirusha kwa bidii, mmoja anajaza upindo wa nguo, mwingine analenga jicho moja limefumbwa, na Waziri anainama, anakwepa kila inayokuja. Kofia ikaruka.

"Hiyo ndiyo yangu!" mama akapaza sauti kutoka nyuma.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha, alipoona waandishi wa habari wamemgeuzia kamera, ghafla akawa mpenda historia.

"Mkurugenzi, filamu zenyewe ziko wapi?"

"Zina... zinahamishwa, mheshimiwa."

"Kwenda wapi?"

Lori likapiga honi nje.

Alasiri ile mikebe ilirudi chini, na kiyoyozi nacho kikashushwa na fundi, huku Mkurugenzi akijipepea na ile hotuba yake. Kampuni ilimpigia Mtanashati kumwambia asihangaike kuja kesho. Alipokea simu hiyo amebeba mikebe kifuani, akasema sawa, akaendelea kupanda na kushuka ngazi kwa viatu vya ncha mpaka vikapasuka.

Mkebe wa mwisho, ule wa soko, aliuweka kwenye rafu mbele ya Siki.

"Sina kazi," alisema. "Sina viatu. Nakupenda. Nioe... nikuoe, nimekosea. Nataka nikuoe."

"Huo mkebe wa soko umeuweka juu chini."

Akaugeuza.

"Sasa rudia."

"Nataka nikuoe, Siki. Mwenyewe, siyo picha."

Siki alimtazama alivyojaa vumbi, shati limetoka nje. Hakuwahi kumwona amependeza vile, na akamwambia hivyo hivyo, waziwazi, kisha akamwegemea kifuani akalia kilio alichokizuia tangu siku ile ya ngazi.

"Ndiyo," alisema baadaye. "Mpigie mama."

Mama alipokea mara moja. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, akamwita Siki mkwe wangu, akaanza kupanga wageni papo hapo.

"Na yule mkurugenzi wenu," aliuliza, "naye tumwite?"

Siki akaisogelea simu.

"Tumwite, mama. Tumwambie aje na kofia."